Hori la Baba na Bwawa Refu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na uipokee mara mbili, moja yangu na moja ya wifi yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu anachungulia ninavyoandika na kucheka. Habari za huko? Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka kama mafuta ya taa, endelea nayo tu, dawa isiyonuka haina kazi. Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika nikiinuka, na lile jino la mbele ulilonivunja mwenyewe kwa mpini wa jembe bado halijarudi, lakini vinginevyo ni mimi yule yule. Vijana ninaofanya nao kazi huomba kupumzika kabla yangu.

Mwandiko utauvumilia. Unajua darasani nilikaa muda mfupi kuliko kuku anavyokalia mayai. Lakini kuna maneno hayatumwi kwa simu. Simu hukatika, na kabla haijakatika wewe huwa umeshanikatiza. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Umeniuliza mambo mawili: kama chumba cha mama bado kina rangi ile ile, na kama mwisho wa mwaka, ukishastaafu, unaweza kuja moja kwa moja na kulala humo. Nitakujibu yote mawili. Usiruke mistari kwenda chini, nakujua. Soma kwa mpangilio, kama ninavyoandika.

Nianze na nguzo nyeupe. Unazikumbuka? Zile nguzo fupi za zege walizosimika wapimaji kuzunguka bonde lote, kutoka ukuta wa bwawa ulipo mpaka huku kwetu mto unapoingilia, zamani zile ukuta unajengwa. Mimi ndiye niliyeshika fito ya kupimia. Mpimaji mkuu alisema mbele za watu kwamba tangu aanze kazi hajaona mkono usiotetemeka kama wangu. Ulikuwepo, ingawa siku zote hujifanya hukusikia. Nguzo zote zilisimikwa kimo kimoja, hakuna iliyomzidi mwenzake hata kwa unene wa ukucha, na tukaambiwa kwamba hata mafuriko makubwa kuliko yote hayatazipita vichwa. Waliokuwa chini ya nguzo wakahama. Sisi tulikuwa juu yake kidogo, tukabaki. Baba alifurahi kama aliyeozesha. Kila mwaka aliipaka chokaa nguzo ya kwetu, na baada yake nikawa ninaipaka mimi, ili maji yakija yajue mpaka wao uko wapi.

Basi mwaka jana, mavuno yalipokwisha, alikuja binti mmoja injinia kutoka ofisi ya bwawa. Aliingia uani na viatu vya mvua, akanisalimu kwa adabu, akakaa kwenye kigoda bila kukipangusa. Hapo nikampa alama moja. Nyingine zote alizipoteza alipofungua mdomo. Alisema wamepiga upya hesabu ya mafuriko, na kwa hesabu hiyo mvua kubwa ikija, maji yatapita juu ya nguzo yetu na kuingia ndani mpaka kimo cha madirisha. Akatushauri tuhamie juu ya kilima kabla ya mvua.

Dada, nilicheka mpaka wifi yako akatoka jikoni kuuliza kama ni kicheko au ni msiba.

Nikamuuliza yule binti nguzo zimekosa nini. Akasema nguzo hazijakosa kitu, na aliyezisimika alikuwa na mkono mzuri (nikamrudishia alama moja), ila hesabu iliyotumika wakati ule ni ya bwawa la umbo jingine. Akaeleza kwamba kuna bwawa pana na fupi, kama sinia. Hilo mto ukilimwagia maji, yanatandaa mara moja na uso wote unapanda pamoja. Mpiga hesabu anachukua maji yaliyoingia, anatoa yaliyopita kwenye malango ya ukuta, kinachobaki anakitandaza juu ya sinia, kazi imekwisha. Kipimo kimoja pale ukutani kinasemea bwawa zima. Bwawa letu si sinia. Limebanwa na vilima huku na huku, ni refu na jembamba, limejipinda kama utumbo, na sisi tumekaa mkiani. Mafuriko yakiingia kwetu, alisema, ukuta kule mbali bado haujui kama kuna mgeni. Maji yanarundikana huku, yanasukumana, yanateremka kwenda kule, na hata wakifungua malango yote inachukua muda kabla mkia haujahisi nafuu. Kwa hiyo bwawa la namna hii halihesabiwi kwa mkupuo. Unalikata pingili pingili kama muwa, na kila pingili unaihesabia maji yake na msukumo wa jirani yake. Ukifanya hivyo unaona mkia umepanda juu kuliko kichwa.

Nikamwambia, binti, maji hayana mgongo. Yakilala yamelala. Nikaenda stoo, nikatoa mpira wa maji wa baba, ule mwembamba unaoonyesha ndani, aliokuwa akisawazishia misingi. Bado ninao. Nikaujaza, nikampa ncha moja, mimi nikashika nyingine, nikamwambia atazame: maji ya kwake na ya kwangu kimo kimoja, hata nikisimama kule kwenye banda la kuni. Nikamwambia kwa mpira huu baba alijenga nusu ya nyumba za hapa, na hakuna hata moja iliyoinama.

Alikubali kila neno. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi. Aliuliza kama baba alikuwa akisoma mpira wakati bado anaujaza.

Nilimwambia anywe chai inapoa.

Lakini lile swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Unakumbuka jinsi alivyotufundisha? Wewe kona moja ya msingi na mimi kona ya pili, kila mtu na ncha yake, na yeye katikati na uzi wake na penseli nyuma ya sikio. Ukiharakisha kusema tayari, alikuja akakuvuta sikio. Maji yakicheza usisome, alikuwa akisema. Ngoja yatulie. Na tulingoja, jua linatuchoma visogo, wewe ukinikunjia uso kutoka kule ili nicheke nitikise mpira nivutwe sikio mimi. Ulifanikiwa mara nyingi. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha zaidi ya ile, ya kusimama na ncha ya mpira mkononi nikingoja maji yaache kucheza.

Hata hivyo sikuwa mtu wa kushindwa na swali. Nikaamua kumkomesha yule binti mbele za watu. Nikajiambia, kama anataka bwawa refu jembamba, mbona tunalo uani? Hori la baba la kunyweshea ng'ombe, refu kama ukuta wa nyumba, upana wake kiganja na nusu cha mwanaume. Ng'ombe walikwisha zamani lakini hori lilikuwa zima. Nikalisugua kuvu, nikachora alama ya mkaa kwenye ncha zote mbili, kimo kimoja, kwa mpira. Binti aliporudi nikaita majirani. Nikajaza hori mpaka chini kidogo ya alama, tukangoja maji yatulie, kila mtu akakiri kwamba yako sawa huku na huku. Wifi yako nikamsimamisha ncha ya chini, kwenye kizibo cha kutolea maji, atangaze maji yakigusa alama. Mimi nikasimama ncha ya juu na ndoo, ndiyo mto unaoleta mafuriko. Nikatoa na hotuba fupi. Sitairudia hapa, lakini ilikuwa nzuri.

Nikamwaga.

Dada, maji yalipanda pale mbele yangu, yakapita alama, yakapita ukingo, yakanimwagikia miguuni na kujaa viatuni. Na kule chini nikamsikia wifi yako anapaza sauti, bado! Nikamwambia atazame vizuri. Akajibu kwamba ametazama, maji ya kwake hata hayajaamka, na kama nina mpango wa kumwaga nimwage, ameacha chungu jikoni.

Nilisema ni upepo. Hakukuwa na upepo. Moshi wa jikoni ulikuwa umesimama wima kama mlingoti. Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini, ila yule binti hakucheka. Nilipovivua viatu vyangu aliviokota, akavimwaga maji, akaviweka juani, akaaga.

Nikabaki miguu mitupu nimekanyaga tope, na hapo ndipo nilipotambua nimesimama wapi. Nilikuwa nimesimama pale pale ulipokuwa ukisimama wewe.

Kazi yetu ya jioni, unaikumbuka. Wewe mkubwa ulimwaga ndoo ncha ya juu, mimi mdogo nililinda kizibo ncha ya chini nikipiga kelele, bado, bado, ongeza. Na karibu kila jioni mama alitoka akakuta tope kwako na ukavu kwangu, akakugombeza kwa kumwaga maji ambayo watu wameyabeba kichwani kutoka mtoni. Wewe ulilia kwamba huku kumejaa. Mimi nilisema haijajaa, njooni mwone. Walikuja wakaona, na kwangu kweli ilikuwa bado. Ukaitwa mzembe, mimi nikaitwa mtoto mwenye macho. Umri wote huu kila tukikutana nimekutania kwa hilo. Hata harusini kwako nilisimama nikalisema.

Siombi radhi, maana sikudanganya. Kutoka pale niliposimama, ilikuwa bado. Lakini na wewe hukudanganya. Wote tulisema kweli, kila mtu kwenye ncha yake. Hilo ndilo sikuwahi kulifikiria, kwamba hori moja linaweza kuwa na kweli mbili mpaka maji yatulie.

Baada ya siku ile nilimwaga ndoo nyingi pale peke yangu. Nilimwaga haraka, nilimwaga polepole. Polepole maji yalipanda kama ya sinia, taratibu, pamoja. Haraka yalinilowesha. Wifi yako akaanza kuuliza kama nimenunua ng'ombe kwa siri.

Sasa mvua. Mwaka huu zilianza kule juu mto unakotoka, sisi hapa tukiwa bado na vumbi. Asubuhi moja mto ukaanza kunguruma na kuleta magogo. Nilipanda kilimani nikasimama mahali ninapoona nyumbani na sehemu kubwa ya bwawa kwenda chini, nikampigia simu yule rafiki yangu anayelinda malango kule ukutani. Unamjua, yule tuliyemwita Mpishi kwa sababu alikuwa akiunguza hata maji. Nikamuuliza hali. Akasema kwake shwari, kipimo kiko chini ya alama nyekundu, malango yamefunguliwa, nirudi nikalale, na tangu lini nimekuwa mwoga kama kuku wa kununuliwa. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amekaa kwenye kizibo.

Huku kwangu nguzo nyeupe ilikuwa imezama. Niliiona chokaa yangu inafifia ndani ya maji ya tope, kisha sikuiona tena. Dada, jicho haliwezi kuona kwamba bwawa limeinama, linaona maji tu. Lakini nguzo ziliniambia. Zilizo karibu nasi zote zilikuwa zimezama. Zilizofuata zilichungulia vichwa. Na kule mbali, kuelekea ukutani, zilisimama kavu zimeng'aa, na zote hizo niliziwekea kimo kimoja kwa mkono wangu huu usiotetemeka. Nilizitazama hivyo, moja baada ya nyingine, na nikamwona yule binti na pingili zake za muwa.

Maji yakapanda ngazi za barazani. Yakapita mahali pa jiko, mahali pa kitanda cha baba. Yakaingia chumba cha mama.

Hayakukuta mlango. Hayakukuta ukuta wala dirisha. Hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu juu, sasa nasema. Nyumba haikuwepo. Nilikuwa nimeibomoa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kabla ya mvua.

Ulipoondoka uliniachia neno moja tu, kwamba nyumba ya baba isiguswe. Nimeigusa, dada. Nimeigusa tofali kwa tofali. Na sikukuuliza, ingawa wewe ndiye mkubwa na haki ya kuulizwa ni yako. Wifi yako alinisihi nikuandikie kwanza. Nilikataa, na sababu yake ni hii: ningekuuliza ungesema hapana, na mimi ningepata kisingizio kizuri cha kubaki. Mama hakuniita Kisiki bure. Kisiki hangoji jingine ila kuambiwa akae palepale. Nilijiona nimekaa barazani kwa kiburi, simu sikioni, Mpishi ananiambia shwari, na maji yananiingia viatuni. Tena safari hii na wifi yako yuko ndani.

Siku ya kwanza nilipanda juu ya paa nikakaa tu. Nilishindwa kung'oa msumari wa kwanza, kwa sababu kofia yake ilikuwa imepigwa upande, na nilijua ni wewe uliyepiga. Baba alitupa kila mmoja upande wake wa paa na wako wote misumari imelala. Nililia, na ukimwambia mtu nitakana. Kisha nikaung'oa, na iliyobaki ikafuata.

Yule binti alikuja maji yalipopungua. Nikamwambia asijisifu, sikuhama kwa ajili ya hesabu yake, nilihama kwa uchunguzi wangu mwenyewe uliofanyika kwenye hori langu. Akakubali kwamba uchunguzi ule ulikuwa mzuri sana. Sasa anawapeleka wenzake kwenye msingi wa zamani kuwaonyesha alama ya tope, na mimi ndiye ninayewaeleza. Kuna wakati namruhusu na yeye aeleze. Mpishi naye hataki kusikia. Anasema kipimo chake hakijawahi kukosea, na nimechoka kumwambia kwamba hakuna aliyesema kimekosea.

Hori limebaki kule chini, zege halihami. Maji yakipanda linazama, yakishuka linajitokeza limejaa tope. Nikilitazama kutoka huku juu naliona dogo, na bwawa nyuma yake limelala vile vile, refu na jembamba, kama mama na mtoto wake.

Nimeandika barua hii kidogo kidogo tangu maji yaliposhuka. Usinilaumu kwamba nimechelewa. Nilikuwa nangoja yatulie ndipo nikusomee.

Nyumba imesimama tena juu ya kilima, kwa matofali yale yale na mabati yale yale, na msingi nimeusawazisha kwa mpira wa baba. Wifi yako alishika kona yako. Si mvumilivu kama wewe. Nyumba si kubwa kama ya zamani, matofali mengi yalivunjika, na baraza limekuwa jembamba kidogo, usije ukasema sikukwambia. Lakini vyumba vimepangwa vile vile. Mlango wa chumba cha mama niliutoa mzima na fremu yake. Fundi alitaka kubadilisha kitasa, akasema ni cha kizamani, nikamwambia na yeye atakuwa wa kizamani siku moja, asubiri zamu yake. Nimekipaka mafuta. Ufunguo aliokupa mama siku ile unaondoka, ule unaotembea nao kwenye mkoba miaka yote, ndio huo huo. Usije ukautupa kwa hasira ukifika hapa kwenye barua. Njoo uujaribu. Ufunguo ukikataa kufungua, basi una haki ya kunivunja na jino la pili.

Wifi yako anakusalimu sana, anasema ulete ile dawa ya kuchua na ya magoti yangu, hata kama inanuka. Wasalimu wanao wote na wajukuu, uwaambie babu yao bado anabeba mfuko wa saruji peke yake. Salamu kwa jirani yako yule mwenye kikohozi. Nangoja jibu lako, na kama ni la kunigombeza, andika kwa herufi kubwa, macho yangu si ya zamani.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Kisiki

Nilisahau lile jambo la kwanza. Kabla ya kubomoa nilibandua kipande cha lipu kutoka ukuta wa chumba cha mama, nikakifunga kwenye leso, nikatembea nacho duka kwa duka mpaka nikampata muuza rangi aliyeweza kuichanganya ikafanana. Alinikorogea mara nyingi, nikimkatalia. Sasa nimekipachika kile kipande ukutani, karibu na dirisha. Kikitafute ukija. Mimi mwenyewe sikioni tena kilipo.